Kutoka Pleasantville hadi Hartsdale: njia ya mbwa wa vita

Mwaka 1942 familia ya Edward Wren ya Pleasantville, mji mdogo kaskazini mwa jiji la New York, ilimtoa mbwa wake kwa Jeshi la Marekani. Aliitwa Chips, chotara wa German shepherd, collie na husky, mwenye nguvu na mkali kwa wageni. Alirudishwa Desemba 1945, akiwa amepita Afrika Kaskazini, Sisilia, Italia bara, Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 12 Aprili 1946 akafa, akazikwa katika makaburi ya wanyama ya Hartsdale, mwendo wa kilomita 15 hivi kusini mwa kwao.

Njia hiyo, kutoka mji alikochukuliwa hadi mahali alipolazwa, ndiyo niliyoitembea kwa miguu. Inashuka sambamba na reli ya Harlem, stesheni baada ya stesheni: Pleasantville, Hawthorne, Valhalla, North White Plains, White Plains, Hartsdale.

Kilichonisukuma ni matembezi ya hisani. Katika miji mingi ya Marekani watu hukusanyika bustanini asubuhi ya Jumamosi pamoja na mbwa wao, kila mmoja hulipa ada ya kushiriki, kisha wote hutembea kilomita tatu au nne. Fedha huenda kujenga au kutunza mnara wa kumbukumbu ya mbwa wa vita. Niliwahi kuandamana na kundi moja la namna hiyo. Kwenye meza ya usajili palikuwa na daftari lenye safu mbili, moja ya jina la mtu na moja ya jina la mbwa. Mzee mmoja, askari wa zamani wa Vietnam, alikuja bila mbwa, lakini alijaza safu zote mbili na kulipa ada ya wawili. Jina aliloandika katika safu ya pili lilikuwa la mbwa aliyemwacha vitani zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Nilimaliza matembezi yale nikiwa na swali. Serikali ndiyo iliyowapeleka mbwa hawa vitani. Kwa nini minara yao inajengwa kwa dola chache chache zinazotoka mifukoni mwa raia?

Mbwa wa nyumbani anaitwa jeshini

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwishoni mwa 1941, jeshi lake halikuwa na kikosi cha mbwa cha kutajika. Januari 1942 wafugaji na wakufunzi wa mbwa, akiwamo Bi Alene Erlanger, wakaanzisha chama cha Dogs for Defense. Walisema wazi kwamba mbwa hodari wako tayari, wamelala barazani mwa watu, na kinachotakiwa ni kuwaomba wenyewe wawatoe. Machi mwaka huohuo jeshi likakubali, na wito ukaenea redioni na magazetini.

Watu waliitikia kwa namna inayogusa moyo. Mbwa wapatao 19,000 walikusanywa na kupelekwa vituoni: Front Royal kule Virginia, Fort Robinson kule Nebraska, na kwingineko. Karibu nusu walirudishwa kwa sababu ya maradhi, umbo au woga wa mlio wa bunduki, na 10,000 na ushei wakahitimu mafunzo. Wengi walifanywa walinzi wa lindo. Wengine walifunzwa kupeleka ujumbe, na wengine kutangulia mbele ya doria na kumwonya askari kabla hajaingia katika mtego wa adui.

Aliyeshindwa kumtoa mbwa wake, kwa kuwa ni mdogo au mzee, alitoa fedha. Kulikuwa na mfuko maalumu wa mbwa wa vita. Ukichanga dola moja, mbwa wako aliyelala nyumbani aliandikwa askari wa kawaida wa heshima. Ukichanga dola 100 alipewa cheo cha jenerali au admirali. Fala, mbwa mdogo mweusi wa Rais Franklin Roosevelt, aliandikwa askari wa kawaida kwa dola moja kama mbwa wa raia yeyote. Matembezi ya hisani ya leo ni mjukuu wa mfuko ule, kwani mbwa wa amani analipa kwa ajili ya mwenzake wa vita.

Nyumba za Pleasantville bado ziko karibu karibu, na watoto bado wanacheza na mbwa nyuani. Nilipita nikiwaza namna mzazi alivyomweleza mtoto wake kwamba mbwa hatakuwapo kesho, na kwamba hakuna ajuaye kama atarudi. Familia zilizotoa wana zilijua uchungu mkubwa kuliko huo. Hata hivyo mtoto wa miaka sita asiye na kaka wa kumpeleka vitani alikuwa na kitu kimoja tu cha kuipa nchi yake, akakitoa.

Asubuhi ya Licata

Ukishuka kutoka Hawthorne unafika Valhalla, na mbele yako linainuka Bwawa la Kensico, ukuta wa mawe wa mita 94 uliokamilika mwaka 1917. Chini yake kuna uwanja mpana, na hapo ndipo inapoanza njia ya waenda kwa miguu inayofuata mto Bronx. Nilipumzika hapo na kuyapitia niliyoyasoma kuhusu siku kubwa ya Chips.

Ilikuwa tarehe 10 Julai 1943, karibu na mji wa Licata, kusini mwa Sisilia. Divisheni ya 3 ya askari wa miguu ilikuwa imetua ufukweni kabla ya jua kuchomoza. Chips alikuwa na mwongozaji wake, askari John Rowell. Ghafla bombomu likaanza kufyatua kutoka kibanda kilichofichwa, na askari wote wakalala mchangani. Chips akajichomoa mkononi mwa Rowell na kukimbilia pale risasi zilipotoka. Zilisikika kelele za vurumai, kisha akatoka askari mmoja wa Kitaliano na mbwa amemng'ang'ania, na wenzake watatu wakafuata mikono juu. Chips alikuwa na jeraha kichwani, na manyoya yake yameunguzwa na baruti, maana mtu alimfyatulia bastola kwa karibu sana. Alifungwa bendeji, akarudi kazini, na usiku uleule akawagutusha wenzake wakati kundi la Wataliano wapatao kumi lilipokuwa likinyemelea kambi. Wote walikamatwa.

Jeshi lilimpa Chips nishani ya Silver Star na ile ya Purple Heart. Habari zilipoenea Marekani, baadhi ya askari wa zamani walilalamika kwamba nishani za binadamu zinashushwa hadhi zikivishwa mnyama, na nishani zikafutwa. Sina neno la kuwalaumu waliolalamika, maana nishani hizo zililipiwa kwa damu ya watu. Ila wenye mamlaka walipozifuta hawakuweka chochote mahali pake. Ilichukua karibu miaka 75. Januari 2018, mjini London, Chips alitunukiwa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 na Maria Dickin kwa ajili ya wanyama waliotumika vitani. Aliyeipokea kwa niaba yake ni mwana wa familia ya Wren, aliyekuwa mtoto mdogo Chips aliporudi nyumbani.

Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, swali langu la matembezi linaanza kupata jibu. Jeshi lilitoa heshima likainyang'anya. Walioishikilia ni shirika la hisani linalotoa Nishani ya Dickin na watu wa nyumbani kwake.

Waliorudi na walioachwa

Kutoka Valhalla kwenda White Plains njia inapita chini ya miti, mto upande mmoja na barabara ya magari upande mwingine. Hapa White Plains, Oktoba 1776, George Washington alipigana na Jenerali William Howe wa Uingereza. Mwaka mmoja baadaye, baada ya mapigano ya Germantown, mbwa wa Howe alipotea akaangukia kwenye kambi ya Washington. Washington aliagiza arudishwe kwa mwenyewe, na barua ikaandikwa. Hata katikati ya vita, mbwa mwenye jina la mwenyewe shingoni alirudishwa.

Nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa historia hii yote: mbwa alirudi pale tu alipokuwa na mtu aliyemngoja.

Mwaka 1945, kwa kuwa mbwa wengi walikuwa na familia zilizowatoa, jeshi lilijitahidi kuwarudisha. Walifunzwa upya, taratibu, namna ya kuishi na watu bila kushambulia: mtu alikimbia karibu nao, mwingine aliwapita kwa baiskeli, na walitakiwa watulie. Luteni William Putney, daktari wa wanyama aliyeongoza platuni ya mbwa wa Marine katika kisiwa cha Guam, aliona kwa macho yake kwamba kazi hiyo inawezekana. Kati ya mamia ya mbwa wa Marine waliofunzwa upya, walioshindikana kabisa ni wanne tu.

Putney alikuwa na deni jingine kule Guam. Marine walitua kisiwani Julai 1944, na mbwa 25 wakafa katika kampeni ile. Wa kwanza alikuwa Kurt, doberman aliyewaonya wenzake juu ya kikosi kikubwa cha Wajapani kilichokuwa mbele yao, na anayesifiwa kwa kuokoa askari 250. Kombora la mzinga mdogo likamjeruhi yeye na mwongozaji wake, Allen Jacobson. Jacobson alikataa kuondolewa mpaka mbwa wake atibiwe kwanza. Putney alimfanyia upasuaji Kurt na kukesha naye, lakini hakufika asubuhi. Miaka mingi baadaye Putney aliongoza juhudi za kuyatunza makaburi yale, na wapenzi wa mbwa aina ya doberman wakachangia. Julai 1994, miaka 50 baada ya kutua, mnara ulizinduliwa Guam: doberman wa shaba, kazi ya mchongaji Susan Bahary, ameketi macho mbele. Chini yake yameandikwa majina ya wote 25. Tubby, Missy, Skipper, Hobo na Pepper wamo, majina yanayosikika kama yalitungwa na watoto jikoni.

Vietnam mambo yaligeuka. Mbwa wapatao 4,000 walitumika huko, lakini utaratibu wa kuazima mbwa majumbani ulikuwa umekwisha. Jeshi lilinunua mbwa, likawaandika katika vitabu vyake kama vifaa. Walinusa mabomu ya kutegwa na nyuzi za mitego, wakatangulia mbele ya vijana wa miaka 19 na 20 ambao hadi leo wanasema wazi kwamba wako hai kwa sababu ya mbwa. Vita vilipokwisha, waliorudi Marekani walikuwa mia mbili hivi tu. Wengine walikabidhiwa jeshi la Vietnam Kusini, na wengine walichomwa sindano ya kufa. Hakukuwa na familia iliyoandika barua kuuliza mbwa wao yuko wapi. Waswahili husema shukrani ya punda ni mateke. Hapa punda hakuwa mnyama.

Waliokuwa wakiuliza ni waongozaji wenyewe, na iliwachukua karibu miaka 30 kupata sauti. Mwaka 2000 ilizinduliwa minara miwili ya mbwa wa Vietnam, mmoja Riverside kule California na mwingine Fort Benning kule Georgia. Mwaka huohuo Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayoruhusu mbwa wa jeshi anayestaafu kulelewa na mwongozaji wake au na raia, badala ya kuuawa. Mwaka 2013 mnara wa kitaifa ukazinduliwa katika kambi ya Lackland, San Antonio, kituo kikuu cha mafunzo ya mbwa wa kijeshi wa Marekani. Bunge liliuidhinisha, lakini fedha zilitoka kwa wafadhili na watu binafsi. John Burnam, aliyekuwa mwongozaji wa mbwa Vietnam, ndiye aliyeusukuma mradi huo hadi mwisho.

Mlimani Hartsdale

Stesheni ya Hartsdale iko bondeni, na makaburi yako mlimani. Yalianza mwaka 1896, pale Dkt. Samuel Johnson, daktari wa wanyama wa jijini New York, alipomruhusu mteja wake kumzika mbwa katika shamba lake la mitufaha. Leo wanyama zaidi ya 80,000 wamezikwa hapo, katika ngazi za ardhi zinazopanda kilima.

Mnara wa mbwa wa vita ulisimamishwa hapo mwaka 1923. Ni jabali kubwa la graniti kutoka Vermont, na juu yake amesimama German shepherd wa shaba, amevaa shuka lenye alama ya Msalaba Mwekundu. Miguuni pake kuna kofia ya chuma na chupa ya maji ya askari iliyobonyea. Mchongaji hakuviweka vitu hivyo kwa urembo tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mbwa wa Msalaba Mwekundu walitumwa usiku kwenye uwanja uliogawa majeshi mawili, wamebeba maji na bendeji. Mbwa akimkuta majeruhi alisimama karibu ili mtu ajihudumie, kisha alirudi na kofia yake au kipande cha nguo, na wabeba machela wakamfuata gizani hadi pale pale. Kwa aliyelala shimoni mguu umekatika, manyoya yale yenye joto yalikuwa habari ya kwanza kwamba hajasahaulika.

Maandishi ya jiwe yanataja jambo ambalo wapitaji wengi hawalitilii maanani. Yanasema mnara umejengwa kwa michango ya umma, iliyotolewa na wapenda mbwa. Miaka ya mwanzo ya 1920 watu walikuwa tayari wanafanya kile nilichokiona kwenye daftari la usajili. Hawakuisubiri serikali, walipitisha kofia. Na kila Juni watu hukusanyika hapo na mbwa wao kuwakumbuka.

Basi swali langu lilikuwa limejibiwa tangu 1923. Serikali huingiza mbwa katika hesabu ya mali, na mali ikichakaa hufutwa daftarini. Mtu aliyelala na mbwa, aliyemlisha na aliyeokolewa naye, hawezi kumfuta. Kwa hiyo anayechanga si yule aliyeamuru vita. Ni yule aliyemfahamu mbwa kwa jina.

Je, na watu wetu?

Najua msomaji wa Tanga au wa Machakos ameshashika kiuno. Mbwa wanajengewa minara, na wapagazi wetu je?

Swali hilo nalichukua kwa uzito wote. Vita vilivyoandikwa kwenye jiwe la Hartsdale, vya 1914 hadi 1918, ni vilevile vilivyopita kwetu. Wapagazi wanaokadiriwa kuwa 95,000 walikufa katika utumishi wa Waingereza Afrika Mashariki, kwa njaa, kuhara, malaria na mizigo. Sanamu za kuwakumbuka askari na wapagazi zilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka uliofuata, lakini wengi mno walizikwa bila jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba wafu wa Afrika hawakuenziwa sawa na wa Ulaya.

Lakini sioni kwamba heshima ya mbwa imepunguza heshima ya mpagazi. Qur'ani inapotaja Watu wa Pangoni, inamtaja mbwa wao aliyenyoosha miguu yake mlangoni. Watu walipobishana juu ya idadi yao, wengine wakisema watatu, wengine watano, wengine saba, katika kila hesabu mbwa hakuachwa. Anayejali kumhesabu mbwa hawezi kupata udhuru wa kutomhesabu mtu. Jiwe la Hartsdale linatushtaki sisi na watawala wetu wa jana kwa pamoja: kama senti za raia ziliweza kumkumbuka mbwa mwaka 1923, zingeweza kumkumbuka mpagazi, na bado zinaweza.

Wapenda mbwa hawakungoja mamlaka. Walikuwa na majina, michango midogo na miguu ya kutembea. Vyote vitatu tunavyo. Kutoka mji wa Taveta hadi kilima cha Salaita, walikopigana Februari 1916, ni njia ya kutembeka. Wapo wazee Ukambani, Unyamwezi na Usukuma wanaojua babu yupi alichukuliwa na hakurudi. Majina yaandikwe kabla wazee hao hawajaondoka, matembezi yaitishwe, kila mmoja achange alichonacho, na jiwe lisimame lenye majina hayo. Hatuhitaji kusubiri ruhusa ya mtu kuwakumbuka wa kwetu.